Watu Wanne, Kurudi Saa Nane

Dereva wa Hilux nyeupe hakuinua kidole.

Hilo ndilo lililomponza.

Kwenye barabara ya vumbi iendayo Port Gannaway, kilomita mia mbili na kumi bila duka wala kisima, dereva anayepishana na mwenzake huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja tu, cha shahada. Hata kama mmegombana. Hata kama jana alikutukania mama. Ni salamu, na ni kusema pia: nimekuona, ukipotea nitajua ulipita wapi.

Roula Kalafatis aliinua chake. Yule mtu akatazama mbele kama hakuona.

Sekunde ishirini baadaye, kwenye kioo, Roula aliiona Hilux ikigeuza.

"Haya," alisema peke yake. "Karibu, mgeni."

Akakanyaga mafuta. LandCruiser ikaruka hadi mia na arobaini. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Darwin, binti wa Mgiriki fundi mashua, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa jasusi wa Idara ya Saba. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa chini ya kwapa la kushoto. Simu ya setilaiti ilikuwa juu ya dashibodi, na kwenye kioo chake ujumbe wa alfajiri ulikuwa bado unawaka.

SAMAKI KATOKA NDOONI. MREJESHE AKIWA HAI.

Samaki alikuwa mhandisi Imants Ozols, mzee wa miaka sitini na minne. Ndiye aliyeliunda lile jicho la rada linaloona meli za kaskazini kabla hazijaliona bara la Australia. Siri zake hazikuwa kwenye karatasi, zilikuwa kichwani. Kila Septemba alikwenda Port Gannaway kuvua samaki kwa wiki moja. Mwaka huu Idara ilisita, na faili likamfikia Roula.

Aliandika: Aende. Ni salama. Akatia sahihi.

Hiyo ilikuwa siku nne zilizopita. Jana Ozols hakumpigia simu mkewe. Tangu hapo sahihi ile ilikuwa inamkereketa Roula kama mchanga ndani ya soksi, na hakuwa amelala.

Mbele, ukuta wa vumbi. Lori lenye matela matatu, refu kuliko treni ya mtaa, lilikuwa linakwenda polepole katikati ya barabara.

Roula aliingia ndani ya lile vumbi bila kupunguza mwendo. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akakata kushoto, akatoka barabarani, akafunga breki katikati ya vichuguu vya mchwa.

Hilux ikapita mbio, dereva wake haoni kitu. Lori lilipopinda, yeye akanyoosha. Mbele yake palikuwa na shimo la vumbi laini, lile vumbi jekundu linaloonekana kama sakafu na kumbe lina kina cha kiuno. Hilux ikazama pua, ikainua makalio, ikakaa.

Roula alifika na bastola mkononi. Akamtoa yule mtu kwa ukosi wa shati. Alikuwa kijana wa mjini, mweupe wa uso, damu puani. Kwenye kofia yake palikuwa pameshonwa maneno: LADY CORELLA, SAFARI ZA UVUVI.

Redio ya gari ikakoroma.

"Hollister hapa. Vipi yule mwanamke?"

Roula aliugusisha mdomo wa Glock kwenye sikio la kijana.

"Mwambie umenimaliza."

"Ni... nimemmaliza," kijana alisema.

"Safi. Sisi tunavuka na maji ya saa kumi na moja. Wewe rudi kwa barabara."

Redio ikanyamaza. Roula alimfunga pingu kwenye bampa la Hilux, upande wenye kivuli. Akamwekea lita kumi za maji. Akamvika kofia.

"Usiliache gari," alimwambia. "Huku anayeliacha gari hufa. Anayekaa nalo huonekana."

"Utaniacha hapa? Peke yangu?"

"Mtu atapita. Akipita, inua kidole."

* * *

"Strachan," mkuu wake wa Idara alijibu kwenye simu ya setilaiti.

"Ni mimi. Boti ni Lady Corella. Nahodha Hollister. Wanavuka saa kumi na moja."

"Ndege ya kikosi inatua kwako saa kumi na moja na nusu."

"Mnachelewa nusu saa."

"Hesabu naijua, Roula. Kuna meli inasubiri maili kumi na tatu nje. Wakiupita mlango wa mto, hatumpati tena."

"Polisi?"

"Yupo mmoja. Yuko ranchi, kilomita mia tatu, fahali kamkanyaga mtu."

"Sawa."

"Watamkamua mwaka mmoja, halafu watamzika. Usiniulize nimejuaje."

Simu ikakatika. Roula akaendesha kuelekea mjini.

Kwetu Port Gannaway bahari haijai mara mbili kwa siku kama kwa watu wengine. Inajaa mara moja. Mlangoni mwa mto kuna fungu la matope, na boti nzito haivuki mpaka maji yamejaa. Ukiyakosa ya leo, unasubiri kesho. Kwa hiyo Hollister alikuwa amejificha mahali, anasubiri. Lakini wapi? Nyuma ya mji kuna hori, vijito vya maji ya chumvi, zaidi ya mia, zote zina rangi moja ya chai, zote zina mikoko ileile na mamba walewale. Na mlango wenyewe una upana wa kilomita mbili. Bastola moja haizibi kilomita mbili.

Alihitaji watu wanaozijua hori.

* * *

Baa ya Mtoni ilikuwa na joto la kuokea mkate. Mvua ilikuwa bado mwezi mzima, na huu ndio msimu ambao ndugu hupigana kwa sababu ya kiti. Mapanka ya darini yalizunguka bure. Watu kama ishirini walikuwa mezani, wanakula samaki na chipsi, kila mtu ana sababu ya kumkasirikia mwenzake.

Pembeni, nyuma ya redio ya uokoaji, aliketi mwanamke mnene mwenye shati la askari wa mazingira, akitafuna barafu. Noreen. Mji mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Kwa watu wake, wenye nchi ile kabla ya boti na kabla ya baa, ndivyo anavyoitwa mwanamke wa heshima, na wageni walikuja wakajifunza.

"Habari za mchana, Shangazi," Roula alisema. "Natafuta boti inaitwa Lady Corella."

Uma zikasimama.

"Tazameni viatu," alisema mzee mwembamba mwenye vidole tisa. Huyu alikuwa Merv Stubbings, mtega kaa. "Vya mjini. Mkaguzi wa samaki huyo."

"Mimi si mkaguzi."

"Wote husema hivyo. Hata mke wangu wa kwanza alisema yeye si mkaguzi."

Baa ikaangua kicheko. Roula hakucheka. Saa yake ya Garmin ilionyesha saa nane na dakika kumi na nane.

"Kuna mzee ndani ya boti hiyo. Imants. Mnamfahamu."

"Tunamfahamu," Merv alisema. "Hajui kuvua, lakini bia ananunua."

"Ametekwa."

Kicheko hakikurudi. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Watu walitazamana, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye sahani zao.

Noreen alimeza barafu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mwaka jana alikuja dada mmoja hapohapo uliposimama. Analia. Mume wangu kapotea horini, nisaidieni. Tukatoka. Tukamwonyesha kila hori, kila kona tunayotega. Wiki iliyofuata tukaletewa barua, hori sita zimefungwa. Kumbe alikuwa mkaguzi, mume hakuwepo. Alikuwa na mbwa tu." Akamtazama Roula usoni. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kitambulisho chako kiko wapi?"

Idara ya Saba haina vitambulisho.

"Sina," Roula alisema.

"Basi na sisi hatuna boti."

Redio ikaita. Noreen akageuka kuijibu, mgongo wake mpana ukafunga kona yote.

Roula alibaki amesimama. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu. Alimfikiria Ozols, mzee anayekunja shati mikono mpaka kwenye kiwiko, aliyemwuliza kwa adabu kabisa: Una hakika ni salama? Naye akajibu, nina hakika.

Ndipo alipouona ubao.

Ulikuwa ukutani, karibu na mlango wa mtoni. Ubao mweusi wa shule, umepigwa mistari. Jina la boti. Watu wangapi. Kurudi saa ngapi. Kila anayetoka Port Gannaway kwenda majini huandika pale, tajiri kwa maskini. Juu palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: UKICHELEWA NUSU SAA TUNAKUJA.

Hakuna anayeulizwa kama anataka kwenda. Hakuna anayeuliza aliyechelewa ni nani. Miaka thelathini na moja sheria ni hiyohiyo, na mtu akigusa ubao ule kwa mzaha, hanywi tena katika mji huu.

Lady Corella haikuwepo ubaoni.

Chaki ilining'inia kwenye kamba.

Roula alitazama baa. Wote walikuwa wamempa kisogo kwa makusudi, kumwonyesha kwamba hatakiwi. Akahesabu vichwa vyao. Mzee Clarrie na mkewe Beryl, wana kofia zinazofanana. Nesi wa zahanati. Merv. Watu wasio na hata rungu. Kwenye ile boti, kwa maneno ya kijana wa Hilux, kulikuwa na wanaume watatu wenye silaha.

Ukiandika, unawatuma hawa huko.

Usipoandika, unamuuza yule.

Mkono wake uliandika haraka, kwa herufi za kawaida.

LADY CORELLA. WATU WANNE. KURUDI SAA NANE.

Akarudi kwenye kiti cha kaunta. Akaagiza maji. Saa nane na dakika ishirini na nne.

Dakika sita. Aliwahi kukaa siku tatu ndani ya dari la ubalozi bila kukohoa, lakini dakika sita zile zilimshinda. Alikunja kitambaa cha karatasi. Akakikunjua. Akakikunja tena.

Merv aliinuka kwenda msalani. Akapita ubaoni. Akaenda hatua mbili, akarudi.

"We! Corella imechelewa."

Viti vyote vilirudi nyuma kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyemaliza chakula. Mpishi alizima jiko. Beryl alishika chupa mbili za chai na mkate uliokatwa. Noreen alikuwa tayari na kipaza sauti mkononi.

"Boti zote, boti zote. Lady Corella, watu wanne, nusu saa. Clarrie, chukua hori za mashariki. Merv, magharibi. Wengine nifuateni." Akautazama ubao, akakunja uso kidogo. "Nani kaiandika hii? Hollister haandikagi."

"Kwani sasa inahusu nini, Shangazi?" mtu alisema mlangoni. "Twende!"

Wakaenda.

* * *

Roula aliruka ndani ya boti ya bati ya Merv kabla hajakaribishwa.

"Wewe mkaguzi unakwenda wapi?"

"Nina mikono miwili."

"Mmoja tu unatosha, wa kukaa ndani ya boti. Huo unaouning'iniza majini utoe."

Roula akautoa.

"Mamba?"

"Mamba hana haraka. Naona mwenye haraka ni wewe."

Injini ya Yamaha ikanguruma. Walikata mto, mitego ya kaa ikigongana miguuni, kaa wakubwa wa tope ndani yake wakichezesha magando. Hori ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tisa, hakuna. Kando ya tope mamba mmoja mrefu kuliko boti alifumba jicho na kulifumbua. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Maji yalikuwa yanapanda, yakilamba mizizi ya mikoko, na Roula akahesabu kila alama iliyozama.

Saa kumi na dakika tano, redio ikaita. Sauti ya mzee Clarrie, yenye furaha.

"Nimewaona! Hori ya Mifupa, ndani kabisa. Wamefunga matawi juu ya boti, sijui kwa ajili ya jua. Tunakwenda kuwapa kamba. Beryl ana chai."

Roula alinyoosha mkono kwenye redio, kisha akauzuia. Hakuweza kupiga kelele redioni, kwa kuwa Hollister naye alikuwa na redio.

"Merv."

"Eeh."

"Wale watu wana bunduki."

Merv aligeuza kichwa polepole. Hakupunguza mwendo.

"Wanne?"

"Watatu. Wa nne ni Imants. Nilichosema pale baa kilikuwa kweli."

"Na ubao?"

Roula aliinamisha macho kwenye mitego ya kaa. Merv alimtazama kwa muda, na macho yake yaliyokuwa ya mzaha mchana kutwa yakapoa.

"Clarrie ana betri moyoni," alisema. "Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Hukujua."

Akafungulia injini mpaka mwisho.

* * *

Walipofika, Hori ya Mifupa ilikuwa kama soko siku ya gulio.

Boti kumi na nne. Noreen mbele, kwenye boti ya rangi ya machungwa ya uokoaji. Kamba mbili zilikuwa zimeshafungwa kwenye pua ya Lady Corella, ya tatu inarushwa. Beryl alikuwa anamimina chai.

Juu ya sitaha alisimama Hollister, mwanamume mnene wa shingo, miwani ya Ray-Ban, tabasamu limekauka. Nyuma yake wanaume wawili wenye makoti ya mvua. Makoti, katika joto lile. Mikono yao ilikuwa ndani.

"Jamani, tuko salama!" Hollister alisema. "Injini nzima!"

"Kila anayechelewa husema hivyo," Noreen alijibu. "Marehemu kaka yangu alisema hivyo."

"Tunasubiri maji tu."

"Mtayasubiri mjini. Chukua mkate."

Hollister alichukua mkate. Angefanya nini? Watu thelathini walikuwa wanamtazama, na nusu yao walikuwa redioni wakiwaeleza wake zao. Mtu hawezi kupiga risasi mji mzima. Roula aliliona jasho likimtiririka shingoni na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akapumua mpaka chini.

Kisha Noreen akanyoosha kidole.

"Mmoja. Wawili. Watatu. Ubao unasema wanne."

"Nani?"

"Ubao. Hatuondoki mpaka nione vichwa vinne. Ndivyo tunavyofanya."

"Aa, yule mzee. Kalala chini."

"Muamshe."

"Anaumwa."

"Vyema basi. Nesi huyu hapa." Noreen akageuka. "Tamsin, panda mwanangu, kamtazame."

Nesi Tamsin, msichana mwenye kaptura na mkoba wa dawa, akashika ngazi ya boti bila wasiwasi wowote.

Roula alimwona mwenye koti wa kulia akibadilisha uzito wa mwili. Aliijua ile hatua. Ndiyo hatua ya mwisho kabla ya kuchomoa.

"Nisogeze nyuma yake," alimnong'oneza Merv.

Merv alizima injini, boti ikateleza kimya hadi makalioni mwa Lady Corella. Roula aliruka. Mita moja na nusu ya maji ya chai ikapita chini yake, na hakuitazama. Akatua kwa magoti, akasimama, akaichomoa Glock.

"Idara ya Saba! Mikono juu!"

Mmoja aliinua mikono.

Wa kulia alichomoa. Ilikuwa bunduki fupi, na aliielekeza kwa Tamsin, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa karibu. Roula hakuweza kufyatua. Nyuma ya yule mtu palikuwa na kofia ya Beryl.

Kitu kikubwa kilipita juu ya bega la Roula.

Kilikuwa mtego mzima wa kaa, kilo kumi na tano, mlango wazi. Ulimpiga mwenye koti kifuani, na kaa wanne wenye hasira ya siku nzima wakamwagika juu yake. Mmoja alishika sikio. Mwingine alishika mahali ambapo hadithi hii haitapataja. Yule mtu alipiga ukelele wa mtoto, na bunduki ikalia mara moja.

Roula alimfikia, akamvunja kifundo cha mkono, akaipiga teke bunduki hadi majini. Kiwiko kwenye koo. Yule mtu akalala chali.

"Merv!" Beryl alilia.

Merv alikuwa amekaa chini ndani ya boti yake, ameshika paja. Damu ilipita kati ya vidole vyake tisa.

"Nimewahi kubanwa vibaya zaidi na kaa," alisema, kisha akazimia. Tamsin alikuwa ameshafika kwake.

Hollister alitumia nafasi hiyo. Aliruka upande wa mikoko.

Hilo ni kosa la mtu aliyekuja juzi. Mwenyeji angeruka moto kabla ya kuruka tope lile. Alizama hadi mapajani, akapapatika, akazama hadi kiunoni. Miwani ikamtoka. Mita thelathini kutoka kwake gogo moja lililala, kisha gogo lile likateleza majini bila sauti.

"Jamani!" Hollister alisema. Halafu kwa sauti nyingine kabisa: "Jamani! Nivuteni!"

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wanamtazama Merv.

"Hata huyu, Shangazi?" mtu aliuliza.

Noreen alikuwa anahema kwa hasira, taya zinamcheza. Akachukua kamba mwenyewe.

"Yumo ubaoni," alisema. "Vuta."

Walimvuta watu sita, akatoka bila viatu wala suruali, akilia, maji yakivimba pale alipokuwa. Wakamtupa sitahani. Hakuna aliyempa chai.

Roula alikuwa ameshashuka chini. Chumba cha barafu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Alilivunja kwa shoka la boti. Ndani, juu ya magunia, Imants Ozols alilala ubavu, mikono imefungwa kwa waya, mdomo mkavu.

Roula aliweka vidole shingoni mwake. Akasubiri.

Mshipa ukapiga.

Alikaa chini pale, juu ya maji ya barafu, na kuanza kuufungua ule waya.

* * *

Ndege ilitua saa kumi na moja na nusu kamili. Wanaume wenye nguo nyeusi waliwachukua Hollister na wenzake, na gari moja likatumwa kumchukua kijana wa Hilux. Nje, maili kumi na tatu, ile meli iligeuza pua na kwenda zake.

Ozols alikuwa kando ya mto, amefunikwa blanketi, kikombe mkononi. Dawa walizomlevya nazo zilikuwa bado zinamvuta kope.

"Binti," alisema. "Ulinipa kurasa kumi na moja za tahadhari. Nimezisoma zote. Nisisimame ukingoni. Nisisafishe samaki majini. Nisiogelee kwa sababu ya yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wenye sumu. Ninywe maji lita nne. Hukuandika hata sentensi moja kuhusu binadamu."

"Kosa langu, mzee."

"Si lako. Na mimi sikuuliza kuhusu watu."

Roula alimshika mkono.

Merv alipitishwa kwenye machela, mweupe, sigara mdomoni. Mguu utapona, Tamsin alisema, lakini kuchuchumaa botini, labda basi. Na mtega kaa asiyechuchumaa hategi. Merv alimwona Roula na hakutania. Aligeuza uso upande wa mto.

Noreen alikuja akiwa anafuta mikono kwenye shati.

"Hollister ana miezi miwili hapa," alisema. "Hajawahi kuandika ubaoni. Hata mara moja."

"Ni mimi, Shangazi."

"Najua ni wewe. Nataka nikusikie unasema."

"Ni mimi niliyeandika."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Hukuniamini."

Nyuma yao rubani alikuwa anawasha injini ya kwanza.

"Kweli," Noreen alisema hatimaye. "Hilo nitalala nalo mimi. Na wewe lala na hili. Siku moja mtu atachelewa kwelikweli. Beryl, au huyu Tamsin. Na mmoja wetu atautazama ule ubao na kujiuliza, je, ni kweli hii? Atajiuliza sekunde tano tu. Miaka thelathini na moja hatujawahi kuwa na hizo sekunde tano. Umetuletea wewe."

Roula angeweza kusema mengi. Angeweza kusema rada, meli, nchi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nimekusikia, Shangazi."

"Asante kwa Imants," Noreen alisema. "Sasa nenda. Na usirudi kunywa hapa."

Roula aliinamisha kichwa. Akavaa koti juu ya bastola na kuelekea kwenye ndege, hatua zake za kawaida, si za haraka wala za polepole. Simu ikalia njiani.

"Strachan hapa. Kazi imekwisha?"

Alitazama nyuma mara moja. Watu walikuwa wanapandisha boti zao, kimya, bila matani.

"Upande wetu imekwisha," alisema, akakata, akapanda ngazi.